Utambi Kwanza, Harufu Baadaye

Leo nasema na yule mama, dada au kijana ambaye amekwisha kwenda Kariakoo akanunua gilasi dazeni mbili, chupa tatu za manukato na mafungu ya ribuni, akavipanga mezani na kutangaza kwamba kuanzia leo anatengeneza mishumaa. Ukimuuliza utambi uko wapi, anakujibu: aah, huo si uzi tu, nitaupata. Basi mazungumzo ya jioni hii ni juu ya huo uzi tu.

Kwanza tuelewane ni mshumaa gani. Ule mweupe mwembamba wa pakiti, tunaoudondoshea nta kwenye kisahani ili usimame umeme unapokatika, leo siukusudii. Kwa miaka mingi vikundi vya akina mama vimefundishwa kutengeneza mishumaa hiyo, pamoja na sabuni na batiki. Shirika letu la viwanda vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, limekuwa mlango mmoja wa mafunzo ya namna hiyo. Lakini soko lake limepungua, tena kwa sababu ya heri: umeme umefika vijiji vingi, taa za sola zimeshuka bei, na kila simu ina tochi. Mshumaa unaolipa siku hizi ni wa gilasi, wenye rangi na harufu. Unakaa kwenye meza za harusi, kwenye bafu za hoteli za Zanzibar, au unafungwa kwenye kapu la zawadi za bi harusi. Hakuna anayeununua ili aone njia ya chooni. Ananunua harufu, ananunua mandhari. Na hapo ndipo mtengenezaji anapojisahau. Anashughulika na harufu na mandhari mpaka haukumbuki moto, na moto una masharti yake.

Nakuomba ufanye jaribio dogo jikoni kwako. Washa mshumaa wowote, uache uwake dakika chache, kisha uuzime kwa kuupuliza taratibu. Utaona moshi mweupe mwembamba unapanda. Haraka, kabla haujatawanyika, sogeza kiberiti kilichowashwa juu ya huo moshi, mbali kidogo na utambi. Mwali utaruka kushuka kwenye utambi wenyewe, na mshumaa utawaka tena bila ya kuguswa. Jaribio hilo lilioneshwa na mwanasayansi Michael Faraday mbele ya vijana pale Royal Institution, London. Alihadhiri juu ya mshumaa katika msimu wa Krismasi wa mwaka 1848, akarudia katika msimu wa 1860, mihadhara 6 mizima, na mwaka 1861 ikatoka kitabu. Faraday huyo alikuwa mtoto wa mhunzi, kijana aliyejifunza kazi ya kujalidi vitabu, wala hakupita chuo kikuu. Nalisema hili kwa faida ya wale wanaodhani sayansi ya mshumaa ni ya watu wengine.

Sasa jaribio linatuambia nini? Linatuambia kwamba kinachowaka si nta ngumu unayoishika, wala si nta iliyoyeyuka. Kinachowaka ni mvuke wake. Joto la mwali linayeyusha nta iliyo chini yake, ile nta ya maji inapanda kwenye utambi kama chai inavyopanda kwenye kipande cha mkate ulichokichovya ncha tu, ikifika juu inageuka mvuke, na mvuke ndio unaoshika moto. Kwa hiyo utambi ni pampu. Ndio unaoamua mafuta kiasi gani yafike motoni kwa dakika. Yakifika machache mwali unadumaa. Yakizidi hewa haitoshi kuyaunguza yote, na masalio yanatoka kama masizi. Vitu vingine vyote, nta, rangi, manukato, upana wa gilasi, vinaurahisishia au vinautatiza utambi katika kazi yake hiyo.

Watu wa zamani walikuwa na taabu na utambi kuliko sisi. Ulikuwa pamba iliyosokotwa tu, na kadiri mshumaa ulivyopungua, utambi ulibaki umesimama katikati ya mwali, mrefu, mweusi, unatoa moshi. Ilibidi mtu akae na mkasi maalumu akiukata kila baada ya muda mfupi. Kwenye majumba ya maigizo ya Ulaya kulikuwa na watumishi wa kazi hiyo tu. Dawa yake ilipatikana Ufaransa katika miaka ya 1820, pale mvumbuzi Cambacérès alipousuka utambi badala ya kuusokota. Utambi uliosukwa, ukiwaka, unajikunja. Ncha yake inatoka pembeni ya mwali, inakutana na hewa, inaungua yenyewe na kuisha. Ni jambo dogo la mtu anayejua kusuka, lakini lilipunguza sana kazi ya mikasi. Ukitaka kujua kama utambi unaouziwa ni wa kweli, uangalie kwa karibu: umesukwa au umesokotwa?

Sasa tuje kwenye uzi wetu wa Kariakoo. Uzi wa kushonea haufai, ni mwembamba, na nyuzi nyingi za leo ni poliesta, hazinyonyi, zinayeyuka. Kamba ya manila ndiyo kabisa usiiguse. Utambi wa jiko la mafuta ya taa watu wanaupenda kwa kuwa upo kila duka, lakini ule ni mnene na umetengenezwa kwa kazi nyingine. Kwenye gilasi ndogo utakupa mwali mkubwa wa kutisha. Unachotaka ni pamba tupu iliyosukwa. Kama umeununua mkavu, ukate vipande virefu kuliko gilasi, uvichovye kwenye nta ya moto mpaka vipovu vya hewa viache kutoka, uvinyooshe na kuvilaza juu ya karatasi vikauke vikiwa vimenyooka. Hapo utambi umeshiba, utasimama wima, na utashika moto mara moja. Chini yake unaubana kwenye kitako kidogo cha bati ili usielee.

Kuna tambi zenye waya katikati. Zamani nyingine ziliwekwa waya wa risasi, yale madini ya sumu, na moshi wake ukawa unavutwa na watoto ndani ya nyumba. Marekani ilizipiga marufuku mwaka 2003. Waya wa siku hizi kwa kawaida ni wa zinki au bati, lakini ukikutana na utambi usioujua ulikotoka, chomoa waya uusugue kwenye karatasi nyeupe. Ukiacha alama ya kijivu kama ya penseli, usiutumie.

Swali la unene ndilo linalowashinda wengi. Mtu ananiambia, nipe kipimo, gilasi ya sentimita saba inataka utambi namba ngapi? Siwezi kumpa, wala mwingine yeyote hawezi kumpa kwa uhakika, kwa sababu jibu linabadilika ukibadilisha nta, ukibadilisha manukato, hata ukibadilisha rangi. Kuna njia moja tu. Chukua gilasi tatu zinazofanana, nta ileile, manukato yaleyale kwa kiasi kilekile, na tambi za unene tofauti. Ziwashe pamoja mahali pasipo upepo, ukae nazo. Baada ya saa mbili au tatu zitakuwa zimekwisha kusema. Mshumaa wa kwanza nta imeyeyuka katikati tu, pembeni kumebaki ukuta mgumu na mwali unazama kwenye shimo lake: utambi mwembamba. Wa tatu mwali unachezacheza, gilasi imejaa masizi na ukiigusa inachoma, na kwenye ncha ya utambi kumeota kitu cheusi kama uyoga: utambi mnene. Ule ambao dimbwi lake la nta limefika ukingoni pole pole, na kina chake kama sentimita moja, ndio wako. Andika kwenye daftari. Ukibadilisha manukato, unaanza upya. Najua inachosha na inakula nta, lakini hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kumimina ni dakika kumi.

Tuzungumze nta. Mpaka karne ya 19 maskini wa Ulaya waliwasha mishumaa ya shahamu ya ng'ombe na kondoo, inayonuka na kutoa moshi, na nta ya nyuki ikabaki ya makanisa na matajiri. Kisha Mfaransa Chevreul akayachambua mafuta ya wanyama, akatoa kitabu chake mwaka 1823, na mwaka 1825 yeye na mwanakemia mwenzake Gay-Lussac wakachukua hataza ya kutengeneza mishumaa kwa asidi ya steariki, ile sehemu ngumu ya mafuta. Baadaye ikaja parafini inayotokana na mafuta ya petroli, ikashusha bei. Nta ya soya ni mtoto wa juzi, imeenea tangu miaka ya 1990 kutokea Marekani.

Steariki, parafini na soya zote ni za kuagiza, na bei yake inapanda dola ikipanda. Ya kwetu ni ile ya nyuki. Misitu ya miombo ya Tabora, Katavi, Kigoma na Singida ni nchi ya nyuki. Tangu enzi za Wajerumani nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoshuka kutoka bara kwenda kupakiwa melini, na mpaka leo Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki. Mizinga ya magogo na ya magome inadharauliwa siku hizi, watu wanasifu ya kisasa, lakini kwa upande wa nta ile ya asili ina baraka yake: mrinaji anakata sega zima, na sega ndilo nta. Nyuki wenyewe hulipia ghali, kwani inakadiriwa kwamba hula kilo 6 hadi 8 za asali ili watoe kilo moja ya nta. Na bado wako warinaji wanaokamua asali na kuyatupa masega vichakani. Kama una ndugu anayerina, mwambie akuwekee.

Kuyasafisha si kazi ngumu. Masega unayatia kwenye kitambaa au kiroba kisafi cha katani, unafunga, unatumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto, unakandamiza kwa mti. Nta inatoka na kuelea. Epua, funika, acha ipoe usiku kucha. Asubuhi unakuta kisahani cha njano kimeganda juu ya maji. Upande wa chini una uchafu, unaukwangua kwa kisu. Ukitaka iwe safi zaidi, rudia. Ila usitumie sufuria ya chuma wala ya shaba, nta itageuka rangi na kuwa ya kahawia chafu. Aluminiamu au chuma kisichoshika kutu hakina neno.

Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Faida yake hapa pwani ni kubwa: mshumaa wake hauinami mezani mwezi wa Februari, wakati parafini laini ya kwenye gilasi ukiisahau kwenye gari lililoegeshwa juani unaikuta maji. Ina harufu yake yenyewe ya asali, nzuri, na kwa sababu hiyo haipendi kupokea harufu nyingine. Kuitia nta ya nyuki manukato ya vanila naona ni kuitukana. Ni nzito kupanda, kwa hiyo inataka utambi mnene kuliko parafini ya gilasi hiyohiyo. Ikikaa inafanya ukungu mweupe kwa juu, na mnunuzi asiyejua atakwambia imeoza. Ipitishie kitambaa cha joto, inang'aa. Waethiopia wanaijua thamani yake. Makanisani kwao huwashwa mishumaa membamba ya uzi wa pamba uliopakwa nta hiyo. Na Wakatoliki wanaonisikiliza watakumbuka kwamba ule utenzi mrefu unaoimbwa usiku wa kuamkia Pasaka, mbele ya mshumaa mkubwa, unawataja nyuki.

Kwa mishumaa ya harufu basi, parafini au soya ndizo zinazotumika zaidi. Tahadhari moja kwa wasikilizaji wetu wa Kenya: dukani kwenu ukisema parafini unapewa mafuta ya taa. Taja nta ya mishumaa, na uone kitu kigumu cheupe kabla hujalipa. Parafini unayotaka isimame yenyewe bila gilasi iwe ya kuyeyuka juu kidogo, nyuzi 58 hadi 60, na ukiitia asidi ya steariki kama gramu 10 kwa kila gramu 100 inakuwa ngumu, nyeupe, na inatoka kwenye kalibu kwa urahisi. Kalibu usinunue kwanza. Pakiti ya maziwa ya karatasi inatoa mshumaa wa pembe nne ulionyooka vizuri, ukimaliza unaichana tu. Parafini ikipoa hunywea na kufanya shimo kuzunguka utambi. Toboa kwa kijiti kabla haijaganda kabisa, kisha ongeza nta.

Kuyeyusha. Hapa naomba unipe masikio yote mawili. Nta haiwekwi juu ya moto moja kwa moja, si wa gesi si wa mkaa. Sufuria ya nta inakaa ndani ya sufuria ya maji, kwa sababu maji yanayochemka hayapiti nyuzi 100, na kwa nta zetu hizo zinatosha na kusaza. Usiiache ukaenda kujibu hodi. Ikitokea imeshika moto, zima jiko, funika sufuria kwa kifuniko, basi. Usimwage maji! Maji yakigusa nta inayowaka yanageuka mvuke papo hapo na kuirusha nta hewani ikiwa inawaka, na jikoni hakuna pa kukimbilia. Watoto wawe nje. Na nta iliyobaki usiimwage kwenye sinki, itaganda kwenye bomba na fundi atakula faida yako yote.

Sasa ndiyo harufu, ambayo najua mmeisubiri. Inapimwa kwa mizani ya gramu, si kwa kifuniko cha chupa. Anza na gramu 6 kwa kila gramu 100 za nta; yaani nusu kilo ya nta, gramu 30. Nta nyingi hazibebi zaidi ya 10. Ukizidisha, mafuta yanatoka juu kama jasho, yanaziba utambi, na kwa bahati mbaya harufu haiongezeki. Wengi huyatia nta ikiwa kati ya nyuzi 65 na 80, wanakoroga taratibu dakika mbili, kisha wa soya wanaiacha ishuke mpaka karibu 55 au 60 ndipo wanamimina. Halafu kuna subira. Mshumaa wa parafini uache siku mbili tatu kabla ya kuuwasha. Wa soya wiki moja, mbili bora zaidi. Wateja wanaolalamika kwamba mshumaa haunukii, mara nyingi wameuziwa uliomiminwa juzi.

Na marashi ya kujipaka? Hapana. Yale ya kupulizia yana spiriti, inaruka na ni ya hatari karibu na sufuria. Udi nao ni wa mkaa na chetezo. Vipande vya udi ndani ya nta havitoi kitu ila kuziba utambi. Kila kitu na chombo chake.

Lakini pua ya pwani ni pua iliyolelewa, nayo ndiyo mtaji wetu. Mtu aliyekua akiona kikuba cha asumini na mrehani anajua harufu inavyopangwa, ipi mbele, ipi nyuma. Kwa nini basi rafu za maduka yetu ya zawadi zimejaa vanila na stroberi? Kule Wawi, Pemba, kuna kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar kinachokamua mafuta ya makonyo, yale matawi madogo yanayobaki karafuu ikichambuliwa. Hapo jirani, Komoro, wanaongoza duniani kwa mafuta ya langilangi. Mchaichai upo uani. Changanya langilangi na mafuta ya maganda ya chungwa, gusa karafuu kidogo, na mgeni wa hoteli atauliza hiyo ni nini, kwa sababu kwao haipo. Nasema gusa, kwa maana mafuta ya karafuu ni makali na mazito, yanaweza kuula hata mkebe wa plastiki, na yakizidi mwali unakohoa. Asumini halisi ni ghali mno. Asumini ya kwenye mishumaa karibu yote ni ya maabara, na mimi sioni dhambi hapo, ilimradi mtu asiandike kwamba ni maua ya shambani kwake.

Mshumaa wa mchaichai wa kufukuza mbu nauzungumzia kwa ufupi. Unanukia vizuri. Malaria inazuiwa na chandarua. Usimuuzie mtu mshumaa kama kinga.

Mapambo ndiyo yananitia hofu zaidi, kwa sababu picha nzuri zinazopita kwenye simu zinafundisha kuchoma nyumba. Maua makavu yaliyozamishwa ndani ya nta karibu na utambi, vijiti vya mdalasini, karafuu nzima zilizopangwa juu ya mshumaa kama pilipili manga: nta ikiyeyuka, kila kimoja kinaweza kuwa utambi wa pili. Yaweke nje. Mdalasini ufungwe kwa katani nje ya gilasi, na aliyeununua aambiwe aufungue kabla ya kuwasha. Ua la kubanwa libandikwe upande wa nje wa mshumaa mnene, lichovywe mara moja tu kwenye nta safi, na utambi uwe mwembamba kiasi kwamba mwali hautafika ukingoni. Hapo sheria ya dimbwi inageuka, mnaona? Kwenye gilasi tunataka lifike pembeni, kwenye mshumaa wenye maua hatutaki. Kifuu cha nazi kinapendwa sana na watalii, nami nakipenda. Ila tukumbuke kwamba kifuu ndicho tunachowashia jiko. Chagua kipana na kinene, ukisugue nyuzi zote ziishe, utambi ukae katikati kabisa, na uwe mwembamba kuliko unavyotamani.

Rangi nayo: krayoni za mtoto zinatia rangi, kweli, lakini zina chembechembe zinazoganda kwenye utambi. Rangi ya chakula ni ya maji, haichanganyiki na nta. Nunua rangi ya mishumaa, kidogo inakwenda mbali. Na gilasi iwe nene, isiyo na ufa. Zile za mvinyo zenye ukuta mwembamba ziache mezani kwa kazi yake.

Ukishauza, mteja naye ana kazi yake, na wewe ndiwe wa kumwandikia kwenye karatasi ndogo chini ya gilasi. Mara ya kwanza auache uwake mpaka dimbwi lifike ukingoni, kama saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za upana, la sivyo utachimba shimo na kila siku utarudi kwenye shimo lilelile. Kila kabla ya kuwasha akate utambi ubaki milimita 5 au 6. Asizidishe saa nne kwa mara moja, asiuweke chini ya pazia wala mbele ya feni, dirisha liwe wazi kidogo, na kama nyumbani kuna mwenye pumu amuulize kwanza. Nta ikibaki sentimita moja chini, auzime, awe ameridhika.

Gilasi yenye hicho kibakio akurudishie, umpunguzie bei ya mshumaa unaofuata. Unaitia kwenye friza, nta inanywea na kubanduka yenyewe, unaosha gilasi kwa maji ya moto na sabuni, tayari kwa kazi. Vibakio vya harufu mbalimbali usivichanganye ukamuuzia mtu. Chukua trei ya mayai ya karatasi, jaza maranda ya seremala kwenye kila kishimo, yeyusha vibakio uvimimine juu, viache vigande, kisha kata kimoja kimoja. Kimoja kinawasha jiko la mkaa hata siku ya mvua. Subiri tu harufu iishe kabisa kabla ya kuinjika, usije ukawaandalia wageni pilau la waridi.